Skrini ya buluu: Jinsi anwani iliyoandikwa vyema inavyomwepushia mwenye tarakilishi hasara

WAKAZI wengi wa Malindi na Kilifi wanaotegemea tarakilishi katika shughuli zao wamewahi kukumbana na hali hii: kazi inaendelea vyema, kisha ghafla skrini inageuka rangi, kila kitu kinasimama na mahali pa barua au hesabu zilizokuwa zikiandikwa panatokea maneno ya Kiingereza na msururu wa tarakimu na herufi zisizoeleweka.

Iwe ni katika mkahawa wa intaneti mjini Malindi, ofisi ya shule huko Kaloleni au mapokezi ya hoteli ya Watamu, jambo la kwanza ambalo wengi hufanya ni kuizima mashine na kuiwasha upya. La pili, hitilafu ikirudi, ni kuibeba hadi kwa fundi na kumwambia kwamba “imekataa”.

Kwa kufanya hivyo, mwenye tarakilishi huwa ametupa ushahidi muhimu kuliko wote. Msururu ule si upuuzi. Ni taarifa fupi ambayo mashine huiacha kabla ya kuzimika, ikieleza ni programu gani iliyokosea, ilikuwa ikitafuta nini, na ilikuwa imefikia wapi. Sehemu kubwa ya taarifa hiyo huwa ni anwani za kumbukumbu.

Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi anwani hizo zimekuwa zikiandikwa kwa namna inayomtaabisha hata fundi mwenye uzoefu, sembuse mteja wake. Matokeo ni kwamba sehemu nzima hubadilishwa huku mbovu ikiachwa, na mteja hulipa mara mbili. Makala haya yanaeleza anwani hizo ni nini, na kwa nini namna ya kuziandika si jambo dogo.

Anwani ni nini?

Kumbukumbu ya tarakilishi yaweza kufananishwa na mtaa mmoja mrefu mno wenye nyumba zilizopangwa katika mstari. Kila nyumba huhifadhi baiti moja tu, na kila nyumba ina nambari yake. Nambari hiyo ndiyo anwani.

Katika mashine za biti 32, zilizokuwa zimeenea katika miaka ya 2000, mtaa huo waweza kuwa na nyumba 4,294,967,296. Katika mashine za biti 64 zinazotumika siku hizi, idadi hiyo ni kubwa kiasi kwamba haina maana kuitaja.

Ndani ya mtaa huo huishi programu mbalimbali, zikiwemo zile ambazo mafundi huziita draiva. Draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, kuzungumza na kifaa fulani. Printa ina draiva yake. Kadi ya mtandao, spika na kamera pia.

Programu ya kawaida ikikosea, hufungwa peke yake na nyingine zikaendelea. Draiva nyingi hazina bahati hiyo. Hizo hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo kosa moja laweza kuharibu kazi ya programu zote. Kwa sababu hiyo, draiva ya aina hiyo ikijaribu kusoma au kuandika mahali pasipo pake, mfumo huamua kusimamisha kila kitu kuliko kuendelea na kuharibu data.

Kwa nini kuna herufi ndani ya nambari?

Sababu ni kwamba tarakilishi haihesabu kwa makumi jinsi tunavyohesabu shilingi sokoni. Huhesabu kwa sufuri na moja pekee. Ili kuufupisha mkururo huo, watengenezaji programu hutumia hesabu ya msingi wa 16, iitwayo heksadesimali, au heksa kwa kifupi. Baada ya 9 huja A, ambayo ni kumi, kisha B, C, D, E na hatimaye F, ambayo ni kumi na tano. Kwa hivyo, katika heksa, 10 si kumi bali ni kumi na sita.

Wapo wanaouliza kwa nini ujumbe usiandikwe kwa nambari za kawaida ambazo kila mtu alizisoma shuleni. Mfano mmoja unatosha kuonyesha sababu.

Tuseme draiva fulani imewekwa katika kumbukumbu kuanzia anwani F7312000, nayo hitilafu ikatokea katika anwani F73120AE. Ukiziandika moja chini ya nyingine, utaona papo hapo kwamba tarakimu sita za kwanza ni zile zile, na kwamba kosa lilitokea hatua AE kutoka mwanzo wa draiva, yaani baiti ya 174. Kwa hesabu ya makumi, anwani hizo zingekuwa 4,147,191,808 na 4,147,191,982. Hapo lazima mtu atoe kalamu na kuanza kukopa na kutoa.

Kuna faida nyingine. Mifumo endeshi mingi huigawa kumbukumbu katika kurasa za baiti 4,096, idadi ambayo katika heksa ni 1000 kamili. Ndiyo maana mwanzo wa draiva kwa kawaida huishia na sufuri tatu. Anayejua jambo hilo hutambua kwa kutazama tu kama anwani aliyopewa ni mwanzo wa kitu au ni mahali fulani ndani yake.

Lakini heksa nayo ina mtego. Anwani kama 00401000 haina herufi hata moja, na msomaji hawezi kujua kama imeandikwa kwa heksa au kwa makumi. Kwa hivyo pamekuwa na desturi ya kutanguliza alama 0x, kama vile 0x00401000. Ujumbe unaoacha alama hiyo humwachia msomaji kazi ya kukisia, na anayekisia hukosea.

Kuisoma skrini ya buluu

Katika Windows XP, toleo lililotumiwa sana humu nchini katika miaka ya 2000, skrini ya buluu iliandika neno STOP likifuatwa na nambari ya kosa, kisha nambari nne ndani ya mabano.

Mojawapo ya makosa yaliyojitokeza mara kwa mara ni 0x000000D1. Hili humaanisha kwamba draiva imegusa kumbukumbu wakati isioruhusiwa. Nambari ya kwanza katika mabano ni anwani ambayo draiva ilijaribu kuifikia. Ya pili ni kiwango cha kipaumbele ambacho mfumo ulikuwa ukifanyia kazi. Ya tatu hueleza kitendo chenyewe: 0 ni kusoma na 1 ni kuandika. Ya nne ni anwani ya amri iliyofanya kosa.

Msomaji ataona kasoro hapo. Nambari nne zenye sura moja zimepangwa safu moja, zote zikianza na 0x, ilhali mbili pekee ndizo anwani. Hakuna lebo, hakuna neno la kuelekeza. Asiyekuwa na kitabu cha maelezo hawezi kujua ipi ni ipi.

Kilichomwokoa fundi ni mstari uliotokea chini wakati mwingine, ukitaja jina la faili ya draiva lenye kuishia na .sys, anwani ya kosa na anwani ya mwanzo wa draiva hiyo. Mstari huo mmoja ulikuwa na thamani kuliko mingine yote juu yake.

Mwaka 2012, Microsoft ilipotoa Windows 8, nambari hizo ziliondolewa kwenye skrini na badala yake pakawekwa uso wa huzuni na jina la kosa. Mtumiaji hakutishwa tena na tarakimu, lakini fundi naye alipoteza mengi. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilibadilisha skrini hiyo kuwa nyeusi, na safari hii ikapanga kuonyesha waziwazi jina la kosa pamoja na jina la draiva iliyohusika. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kukubali kwamba ujumbe usio na habari haumfai mtu, kama ule wenye habari nyingi zisizosomeka.

Anwani inaposomwa kwa simu

Tuchukue hali ya kawaida katika ukanda huu. Mashine iko Mambrui au Ganze, naye mtaalamu anayeifahamu yuko Mombasa au Nairobi. Mwenye mashine humpigia simu na kumsomea yaliyo kwenye skrini. Hapa ndipo uandishi mbaya wa anwani unapoleta gharama.

Kwanza ni herufi. Heksa hutumia A, B, C, D, E na F. Wakenya wengi hutaja herufi kwa Kiingereza, ambapo A hutamkwa “ei” na E hutamkwa “ii”. Lakini anayezitaja kwa Kiswahili husema “a” na “e”. Mtu akisema “e” kwenye simu yenye mawimbi hafifu, msikilizaji hana hakika kama ni A ya Kiingereza au E ya Kiswahili. Nazo B, C, D na E za Kiingereza zote huishia kwa sauti ya “ii”. Herufi moja ikikosewa, anwani huhamia kwenye draiva nyingine kabisa.

Pili ni sufuri za mwanzo. Baadhi ya programu huziacha, hivi kwamba anwani moja huandikwa 0x74 na inayofuata 0xF73120AE. Msomaji hujiuliza kama ile fupi ni nzima au imekatwa. Ujumbe uliotungwa kwa uangalifu huandika anwani zote kwa upana mmoja: tarakimu 8 kwa mashine za biti 32 na tarakimu 16 kwa zile za biti 64. Kwa njia hiyo, anayenakili akipata tarakimu 15 hujua mara moja kwamba ameruka moja.

Tatu ni urefu. Tarakimu 16 zilizoshikana haziwezi kusomwa bila jicho kupotea. Sisi wenyewe hatuandiki shilingi milioni nne kama 4000000, tunaweka koma. Nambari ya simu nayo huigawa kila mtu katika vipande anapoitaja. Programu ya Microsoft inayotumiwa kuchunguza hitilafu za Windows hufanya vivyo hivyo: huigawa anwani ya tarakimu 16 katikati kwa alama ndogo, hivi kwamba msomaji hupata vipande viwili vya tarakimu nane nane. Alama hiyo haibadilishi chochote katika hesabu, lakini humsaidia mtu.

Nne ni mipaka. Mara nyingi draiva hutaja eneo zima la kumbukumbu, si nukta moja. Mathalani, tarakilishi za tangu zamani ziliitengea skrini eneo la 0xA0000 hadi 0xBFFFF, ambalo ni kilobaiti 128. Anwani ya mwisho iliyotajwa hapo ni sehemu ya eneo hilo. Programu nyingine ingeandika mwisho kuwa 0xC0000, ikimaanisha anwani ya kwanza ya jirani. Yeyote aliyewahi kushuhudia ugomvi wa mipaka ya mashamba anajua yanayotokea pale watu wawili wanapokuwa na maelezo tofauti kuhusu jiwe moja. Kinachotakiwa ni kushika utaratibu mmoja na kuufuata katika kila ujumbe.

Jina kwanza, umbali baadaye

Hata hivyo, kuipanga anwani vizuri hakutoshi. Anwani tupu, hata ikisomeka vipi, ina udhaifu mkubwa: haina maana nje ya tarakilishi iliyoitoa.

Mgeni anayetafuta nyumba Malindi akipewa vipimo vya latitudo na longitudo, atapata nambari sahihi zisizomsaidia bila chombo. Lakini akiambiwa, “Ukifika mnara wa Vasco da Gama, hesabu milango mitano kuelekea mjini,” hatapotea. Hati za ardhi za Kaunti ya Kilifi nazo hufuata mtindo huo: hutaja kwanza sehemu ya usajili, kama vile Chembe/Kibabamshe, ndipo hufuata nambari ya kiwanja. Jina la mahali panapojulikana, kisha hesabu fupi kutoka hapo.

Ujumbe bora wa draiva hufanya vivyo hivyo. Badala ya kusema kosa lilitokea 0xF73120AE, husema lilitokea katika draiva fulani, hatua 0xAE kutoka mwanzo wake.

Tofauti hii si ya urembo. Tangu Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007, Windows huziweka programu zake, zikiwemo draiva, mahali tofauti kila mashine inapowashwa, ili wavamizi wasijue pa kuzipata. Mifumo mingine mikubwa nayo huchukua tahadhari kama hiyo. Maana yake ni kwamba draiva ile ile yenye kosa lile lile itatoa anwani moja leo na nyingine kesho. Fundi anayelinganisha anwani tupu ataamini kwamba ana makosa mawili tofauti. Anayelinganisha jina na umbali ataona kuwa ni kosa moja.

Ulimwengu ulishuhudia jambo hilo tarehe 19 Julai, 2024. Siku hiyo, kampuni ya usalama wa tarakilishi ya Marekani, CrowdStrike, ilisambaza faili mpya yenye kasoro kwa wateja wake. Kwa makadirio ya Microsoft, mashine zipatazo milioni 8.5 za Windows zilianguka. Safari za ndege ziliahirishwa, na hospitali na benki katika nchi mbalimbali zikatatizika.

Katika uchambuzi ambao Microsoft iliuchapisha siku chache baadaye, mojawapo ya mashine zilizochunguzwa ilionyesha kosa katika anwani ambayo tarakimu zake nane za kwanza ni fffff806 na nane za mwisho ni 715114ed. Nambari hiyo haikuwa na faida kwa mwenye mashine nyingine. Lakini uchambuzi huo uliandika pia csagent+0xe14ed, yaani draiva ya csagent, hatua 0xe14ed kutoka mwanzo. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayoweza kulinganishwa kati ya mashine na mashine yenye draiva ya toleo lile lile, hata zikiwa mabara tofauti. Jina la faili, csagent.sys, lilionekana pia kwenye skrini nyingi siku yenyewe, na wasimamizi wa mitandao walijua mara moja waelekee wapi.

Funzo kutoka angani

Ukanda huu una mahali ambapo umuhimu wa ujumbe ulio wazi unaeleweka kuliko kwingine kokote. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna kituo cha anga za juu cha Waitaliano kilichopewa jina la Luigi Broglio. Kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na kituo hicho, setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba, 1970, siku ambayo Kenya iliadhimisha miaka saba ya uhuru. Urushaji wa mwisho ulifanyika mwaka 1988, lakini kituo cha nchi kavu kiliendelea kupokea mawimbi ya setilaiti, ikiwemo Swift ya Marekani iliyorushwa Novemba 2004.

Setilaiti inayozunguka karibu na dunia hupita juu ya kituo kwa dakika chache tu kisha hupotea. Ikiwa na hitilafu, hakuna fundi atakayeifungua. Kilichopo ni taarifa iliyoitoa, na taarifa hiyo ikiwa na utata, hakuna wa kuulizwa.

Kisa kilicho wazi zaidi cha aina hii kilihusu chombo kilicho mbali mno, ambacho huwasiliana na vituo vya Marekani, Uhispania na Australia. Novemba 2023, chombo cha Voyager 1, kilicho zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka duniani, kilianza kutuma data isiyoeleweka. Machi 2024, wahandisi wa NASA walipata nakala ya yote yaliyokuwa ndani ya kumbukumbu ya mojawapo ya tarakilishi zake. Waliilinganisha na nakala ya kabla ya hitilafu, wakagundua kwamba takriban asilimia tatu ya kumbukumbu hiyo ilikuwa imeharibika kwa sababu ya chipu moja.

Kwa kuwa walijua ni anwani zipi zilizokufa, waliigawa programu iliyokuwa pale na kuihamishia kwenye anwani nyingine zilizo salama. Aprili mwaka huo chombo kilianza tena kutuma taarifa zinazosomeka kuhusu hali yake. Mashine iliyorushwa mwaka 1977 iliokolewa kwa sababu watu waliweza kusoma, bila kukosea, kilichokuwa wapi.

Je, ni draiva au ni RAM?

Kwa mwenye tarakilishi wa kawaida, faida ya kuelewa mambo haya huonekana zaidi katika swali moja: kosa ni la programu au ni la kifaa?

Hewa ya Pwani ni yenye joto, unyevu na chumvi. Sehemu za chuma zinazounganisha vipande vya RAM huweza kushika kutu au uchafu, nao umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu huchangia uharibifu. Kwa hivyo fundi hana makosa anapoishuku RAM. Lakini hapaswi kuishuku bila ushahidi.

Ikiwa skrini ya buluu hutaja draiva ile ile na umbali ule ule kila inapotokea, hiyo ni dalili ya kosa la draiva au la kifaa inachokiongoza. Dawa huenda ikawa kuweka toleo jipya la draiva, kazi isiyohitaji kununua chochote. Ikiwa kila mara hutajwa draiva tofauti na makosa tofauti, yasiyo na mpangilio, hapo RAM, umeme au joto ndivyo vya kuchunguzwa kwanza.

Zipo programu za kuipima RAM, kama vile Memtest86, ambazo huandika anwani ya kila mahali palipokataa. Msomaji asichanganye anwani hizo na zile za skrini ya buluu. Zile za Memtest86 huhusu kumbukumbu halisi, ilhali zile za skrini ya buluu kwa kawaida ni anwani ambazo mfumo endeshi hugawia programu, na nambari moja haionyeshi moja kwa moja kipande cha RAM. Kuna watu ambao wamenunua RAM mpya kwa kulichanganya jambo hili.

Anwani na usalama

Kuna upande mwingine wa suala hili. Anwani kamili iliyo wazi humfaa fundi, lakini humfaa mvamizi pia. Anayejua draiva imewekwa wapi hasa ana nusu ya anachohitaji ili kuishambulia.

Kwa sababu hiyo, Linux ilibadilisha utaratibu wake katika toleo la 4.15 lililotolewa Januari 2018. Tangu hapo, draiva inayoandika anwani kwa njia ya kawaida, ile ya alama %p, haitoi tena anwani halisi bali nambari iliyofichwa. Nambari hiyo hubaki ile ile kwa kitu kile kile hadi mashine izimwe, hivi kwamba mtaalamu aweza kuona kama ujumbe mbili zinazungumzia kitu kimoja. Anayehitaji anwani halisi lazima aiombe kwa alama nyingine, %px, na awe na sababu ya kufanya hivyo. Ipo pia alama ya %pS, ambayo humpa msomaji jina la sehemu ya programu na umbali kutoka mwanzo wake.

Hapa usomekaji na usalama vinakutana. Jina na umbali humsaidia fundi kuliko anwani tupu, wakati huohuo yakimnyima mvamizi anachokitafuta.

Lugha ya ujumbe

Katikati ya miaka ya 2000 palifanywa juhudi za kuileta tarakilishi katika Kiswahili. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na Microsoft nayo ikaandaa Windows ya Kiswahili. Juhudi hizo zililenga zaidi menyu na maneno yanayoonekana na watu wengi kila siku. Ujumbe wa draiva ulibaki kando, labda kwa dhana kwamba haumhusu mwananchi.

Lakini humhusu, kwani ndiye anayeuona wa kwanza. Hakuna kinachozuia ujumbe kama huu kuandikwa: “Draiva ya printa ilijaribu kusoma mahali pasipo pake. Faili: printa.sys. Hatua: 0xAE. Anwani iliyotafutwa: 0x00000074.” Kila nambari ina lebo, kila anwani ina upana wake kamili, na jina limetangulia. Vijana wanaosomea tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi na taasisi nyingine za eneo hili, ambao kesho watatunga programu, wanaweza kuanza desturi hiyo katika kazi zao za kwanza.

Kwa mwenye mashine, ushauri ni mfupi. Skrini ikigeuka, usiizime kwanza. Ipige picha kwa simu, maandishi yote yaonekane. Andika tarehe na ulichokuwa ukifanya. Hitilafu ikirudi, ipige tena. Ukiwa na picha tatu, mpelekee fundi zote pamoja na mashine. Ikiwa hukuwahi kupiga picha, mkumbushe kwamba Windows kwa kawaida huhifadhi nakala ya taarifa hiyo katika folda ya Minidump, na kwamba Linux huweka kumbukumbu zake ambazo amri ya dmesg huzionyesha.

Kisha, kabla ya kutoa hata shilingi moja kwa ajili ya kipuri, muulize swali hili: ni draiva gani iliyotajwa, na je, ni ile ile mara zote tatu? Fundi anayejua kazi yake atafurahi kulijibu. Asiyeweza kulijibu bado hajajua anachokitengeneza.